Kipande Kilichohamishwa: Rufaa Dhidi ya Kukataliwa kwa Hataza

Hataza ni haki ya kisheria inayomwezesha mvumbuzi kuwazuia watu wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze kitu alichokivumbua, na ili aipate hana budi kueleza hadharani, kwa maneno na michoro, jinsi kitu hicho kinavyotengenezwa na kinavyofanya kazi. Nchini Marekani, ambako mashauri yanayojadiliwa katika sura hii yaliamuliwa, haki hiyo kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu siku maombi yalipowasilishwa, na anayeamua kama itolewe ni mkaguzi wa Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara, mtumishi wa umma mwenye elimu ya uhandisi au sayansi ambaye huyasoma maombi, huyalinganisha na yale yaliyokwisha kuchapishwa au kutumika kabla yake, kisha hukubali au kukataa. Madai yakikataliwa mara mbili, sheria humruhusu mwombaji kukata rufaa. Rufaa hiyo ndiyo mada ya sura hii, hasa pale kinachobishaniwa kinapokuwa kifaa cha kimakanika ambacho kazi yake ni kukishika kitu mahali pake kisisogee, au ambacho upya wake wote umo katika mahali kipande fulani kilipowekwa.

Vifaa vya namna hiyo huingia mbele ya mkaguzi vikiwa na udhaifu. Dawa mpya huenda ikawa na molekuli ambayo haijawahi kuonekana popote, lakini kibanio, kishikizo cha mashine ya kuchongea vyuma au pedali ya gari hutengenezwa kwa bolti, springi, bawaba, kulabu na wenzo, vitu ambavyo havikosekani katika karakana yoyote, na hivyo kilicho kipya hakiwezi kuwa vipande vyenyewe bali ni mpangilio wake. Kwa kuwa kila kipande hakina budi kukaa mahali fulani, mkaguzi anaweza daima kusema kwamba kukitoa kipande juu na kukipeleka chini ni jambo ambalo fundi yeyote angelifanya bila kuambiwa. Kauli hiyo wakati mwingine ni kweli tupu, na wakati mwingine ni uvivu uliovishwa joho la sheria. Kazi ya rufaa ni kuzitenganisha hali hizo mbili.

Msingi wa kisheria wa ubishi huu ni Sheria ya Hataza ya mwaka 1952, ambayo katika kifungu cha 102 hudai kwamba uvumbuzi uwe mpya, na katika kifungu cha 103 hudai kwamba tofauti iliyopo kati yake na maarifa yaliyotangulia isiwe ya wazi kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani husika. Maarifa yaliyotangulia ni jumla ya hataza za zamani, vitabu, majarida na bidhaa zilizokuwa zikijulikana kabla ya maombi. Mtu mwenye ujuzi wa kawaida hayupo popote katika dunia ya nyama na damu. Ni fundi wa kufikirika, si bingwa wala si mwanagenzi, anayechukuliwa kuwa ameyasoma yote yaliyochapishwa katika fani yake. Kinachopimwa dhidi ya maarifa ya fundi huyo si kifaa kama kinavyoonekana mezani, bali ni madai, yaani zile sentensi zenye namba mwishoni mwa hati ya maombi ambazo huchora mipaka ya kile ambacho mvumbuzi anasema ni chake. Jambo hili huwashangaza wavumbuzi wengi, ambao huja na kifaa mkononi wakitaka kuonyesha jinsi kinavyofanya kazi vizuri, ilhali wasikilizaji wao wanasoma sentensi.

Mfano unaotajwa mara nyingi na wakaguzi wanapolikataa dai linalotegemea mahali pa kipande ni shauri la Japikse la mwaka 1950, lililohusu mashine ya kukandamiza inayoendeshwa kwa nguvu ya kimiminika. Dai lilitofautiana na maarifa yaliyotangulia kwa sababu tu swichi ya kuiwasha ilikuwa imehamishiwa mahali pengine, na mahakama ilisema kwamba kuihamisha swichi hiyo hakukubadilisha utendaji wa mashine, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kupewa hataza. Shauri hili hutajwa kana kwamba linafundisha kwamba kuhamisha kipande si uvumbuzi. Halifundishi hivyo. Linafundisha kwamba kuhamisha kipande bila kubadilisha utendaji si uvumbuzi, na ile sehemu ya pili ya sentensi, ambayo mara nyingi huachwa, ndiyo mlango ambao waombaji walioshinda baadaye walipitia.

Waliopita mlango huo, hata hivyo, hawakuwa wote, na aliyeshindwa kwa namna yenye mafunzo mengi zaidi ni William Graham, ambaye shauri lake dhidi ya kampuni ya John Deere liliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1966. Halikuwa rufaa ya ombi lililokataliwa, kwani Graham alikuwa amekwisha kupata hataza yake na ubishi ulikuwa juu ya uhalali wake, lakini kipimo kilichowekwa humo ndicho ambacho wakaguzi na bodi za rufaa hukitumia hadi leo. Plau za patasi, ambazo hupasua ardhi kwa miguu mirefu ya chuma iliyopinda, zilibuniwa kwa ajili ya mashamba yasiyo na mawe mengi. Zilipopelekwa katika majimbo ya kaskazini, ambako udongo ulioachwa na barafu ya kale umejaa mawe, kila patasi ilipogonga jiwe mguu ulitetemeka kwa nguvu kubwa karibu na pale ulipofungwa kwenye fremu, na ukavunjika. Graham alibuni kibanio chenye springi kilichouruhusu mguu kuinuka unapogonga jiwe na kurudi mahali pake, akapewa hataza ya kwanza mwaka 1950. Kisha akakirekebisha: katika kibanio cha kwanza mguu ulikaa juu ya bamba la bawaba, na katika cha pili aliuweka chini ya bamba hilo na kuufunga kwa bolti, akapewa hataza ya pili mwaka 1953.

Mahakama mbili za rufaa zilikwisha kutofautiana juu ya hataza hiyo ya pili, moja ikisema ni halali na nyingine ikisema si halali, ndipo Mahakama ya Juu ikaingia kati. Mawakili wa Graham walieleza kwamba mguu ukikaa chini ya bamba hupata nafasi ya kunyumbuka urefu wake wote, jambo ambalo haliwezekani ukikaa juu, na kwamba unyumbukaji huo ndio unaouokoa usivunjike. Kwa mtu aliyewahi kuona chuma kikikatika palepale kilipobanwa, hoja hiyo ina uzito. Lakini majaji walipoifungua hati ya hataza hawakuona mahali popote ambapo unyumbukaji umetajwa, na walipolifungua jalada la mawasiliano kati ya mwombaji na Ofisi ya Hataza hawakuuona huko pia. Hoja ilikuwa imezaliwa mahakamani. Isitoshe, kibanio cha kampuni nyingine, kilichoitwa Glencoe, kilikuwa kimekwisha kuzitumia sehemu zile zile kwa kazi ile ile. Hataza ikabatilishwa.

Shauri hilo liliacha utaratibu wa maswali ambao mkaguzi hana budi kuufuata: ni nini kilichomo katika maarifa yaliyotangulia, ni tofauti gani iliyopo kati yake na dai, ni kiwango gani cha ujuzi kilicho cha kawaida katika fani hiyo, na kama kuna ushahidi wa pembeni, kama vile bidhaa kununuliwa kwa wingi au haja iliyodumu kwa miaka bila mtu kuitatua. Kwa mwombaji wa leo, hata hivyo, sehemu iliyo hai zaidi ni ile ya unyumbukaji uliosahauliwa. Sababu ya kukiweka kipande pale kilipowekwa isipoandikwa katika maelezo ya uvumbuzi tangu siku ya kwanza, kuileta baadaye katika rufaa huonekana kuwa hekima iliyokuja baada ya tukio, hata ikiwa ni kweli.

Njia ya rufaa yenyewe inaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwombaji huwasilisha taarifa ya rufaa, kisha ndani ya miezi miwili huwasilisha andiko la hoja zake, mkaguzi hulijibu, mwombaji ana miezi mingine miwili ya kujibu majibu, na jalada hupelekwa mbele ya jopo la majaji wa kiutawala wasiopungua watatu wa Bodi ya Kesi na Rufaa za Hataza, chombo kilichopata jina lake la sasa mwaka 2012 baada ya mageuzi ya sheria ya mwaka uliotangulia. Tangu mwaka 2005 ipo pia njia fupi inayomruhusu mwombaji, kabla ya kuandika andiko refu, kuomba kwamba kundi la wakaguzi liutazame upya uamuzi kwa msingi wa kurasa zisizozidi tano, na njia hiyo hufaa sana pale mkaguzi alipokosea jambo la dhahiri, kama kudai kwamba mchoro wa zamani unaonyesha kipande ambacho hakimo. Mambo mawili katika utaratibu huu huwaponza wasiojiandaa. La kwanza ni kwamba hoja isiyotajwa katika andiko huhesabiwa kuwa imeachwa. La pili ni kwamba ushahidi mpya, kama vile kiapo cha mhandisi anayeeleza matokeo ya majaribio, kwa kawaida haupokelewi baada ya taarifa ya rufaa kuwasilishwa, kwa hiyo anayetaka kuutumia lazima auingize jaladani jalada likiwa bado mikononi mwa mkaguzi.

Anayeshindwa mbele ya Bodi anaweza kwenda katika Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliyoko Washington, iliyoanzishwa mwaka 1982 na kukabidhiwa rufaa za hataza kutoka nchi nzima. Mahakama hiyo hulitazama upya suala la sheria bila kufungwa na maoni ya Bodi, lakini mambo ya ukweli, kwa mfano hataza ya zamani inafundisha nini, huyaacha kama yalivyo ikiwa Bodi ilikuwa na ushahidi wa kutosha. Maana yake ni kwamba mkata rufaa hasemi tu kwamba kifaa chake ni kizuri. Anasema kwamba sababu iliyotolewa ya kukikataa haisimami. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoamua mashauri mawili yanayofuata, ambayo katika yote mawili mkata rufaa alishinda.

La kwanza ni la Gordon, la mwaka 1984. Waombaji walikuwa wamebuni chujio la damu linalotumika wakati wa upasuaji kuondoa mabonge, chembe za mifupa na vipande vya tishu kabla damu haijarudishwa mwilini mwa mgonjwa. Mahali pa kuingilia damu na mahali pa kutokea palikuwa pote chini, na juu palikuwa na tundu la kutolea hewa, ili mapovu, ambayo ni hatari kwa mgonjwa yakiingia katika mishipa, yapande na kutoka juu ilhali damu safi inatoka chini. Mkaguzi alipata hataza ya zamani ya chujio la petroli na mafuta mepesi, ambalo njia zake za kuingilia na kutokea zilikuwa juu, na chini kulikuwa na bomba dogo la kufungulia uchafu. Alisema, na Bodi ikakubaliana naye, kwamba fundi angeweza kuligeuza chujio hilo juu chini na kupata kifaa kinachodaiwa.

Kwenye karatasi hoja hiyo haina kasoro, kwani mchoro wa zamani ukipinduliwa hufanana na mchoro mpya. Mahakama, hata hivyo, iliuliza nini kingetokea ndani ya chujio lililogeuzwa. Chujio la petroli lilitegemea uzito: maji na mafuta mazito huzama, petroli safi hubaki juu na kutoka juu. Likipinduliwa, petroli ingenaswa juu, maji na mafuta mazito yangetoka kwenye njia iliyokusudiwa kutoa petroli safi, na wavu wa kuchujia ungeziba. Kifaa kingekuwa kimeharibiwa, na fundi mwenye akili timamu hana sababu ya kuharibu kifaa kinachofanya kazi. Kwamba jambo linawezekana kufanywa hakulifanyi kuwa la wazi, maadamu hakuna kitu katika maarifa yaliyotangulia kinachoonyesha kwamba kulifanya kuna faida. Uamuzi wa Bodi ukatenguliwa.

La pili ni la Hans Oetiker, la mwaka 1992, na kwa anayeshughulika na vifaa vya kushikilia vitu mahali pake ndilo lenye mengi ya kutazamwa kwa karibu. Oetiker alikuwa na hataza ya awali ya kibanio cha chuma cha kufungia hosi, mkanda mwembamba unaoizunguka hosi na kukazwa ili isichomoke kwenye bomba, na sasa aliomba hataza ya boresho lake: kulabu ndogo inayouweka mkanda katika umbo la duara kabla ya kufungwa, ili usifumuke ukiwa ghalani au mkononi mwa fundi, kisha ikajiachia yenyewe mkanda unapokazwa. Mkaguzi aliiunganisha hataza ya awali ya Oetiker mwenyewe na hataza nyingine ya kulabu ya plastiki ya kufungia nguo, akasema kwamba mtu anayetafuta njia ya kuunganisha ncha mbili angeziona zote mbili. Bodi iliafiki kwa kusema, kwa kifupi, kwamba matatizo yote ya kulabu ni ya ukoo mmoja.

Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilikataa. Hataza ya zamani hutumika dhidi ya mwombaji ikiwa tu inatoka katika fani yake, au ikiwa inahusiana kwa kiasi cha kuridhisha na tatizo alilokuwa akilitatua, na haikuonyeshwa kwamba mtu anayehangaika na kibanio cha hosi angetarajiwa kwenda kutafuta jibu katika vifungo vya nguo. Mahakama ilisisitiza pia mgawanyo wa mzigo: mkaguzi ndiye anayeanza, kwa kutoa sababu inayotosha kwa sura ya kwanza kulikataa dai, na asipoitoa sababu hiyo mwombaji ana haki ya hataza bila kuongeza neno. Huu ni ulinzi mkubwa ambao waombaji wengi huupoteza kwa haraka yao ya kujitetea, kwa kuwa hukimbilia kuleta ushahidi wa ubora wa kifaa kabla ya kuuliza kama shutuma yenyewe imekamilika.

Mashauri mengine mawili, yakilinganishwa, huonyesha kwamba hata sababu dhaifu ya mkaguzi hushinda pale dai linapokuwa limeandikwa kwa ulegevu. Katika shauri la Schreiber la mwaka 1997 kilichodaiwa kilikuwa kifuniko chenye umbo la pia kinachowekwa juu ya chombo cha bisi na kuziruhusu bisi chache tu kutoka kwa wakati mmoja. Mkaguzi alileta hataza ya zamani ya Uswisi ya mdomo wa kopo la mafuta, wenye umbo lile lile, na mahakama ilikubali kwamba umbo hilo lingeweza kupitisha bisi vilevile hata kama aliyelibuni hakuwahi kuziwazia. Jaji Pauline Newman, ambaye ndiye aliyeandika uamuzi wa Oetiker, alipinga, na hoja yake ina mvuto, lakini wengi waliona kwamba matumizi mapya hayakifanyi kitu cha zamani kuwa kipya.

Katika shauri la Giannelli la mwaka 2014 mambo yalikwenda kinyume. Dai lilihusu mashine ya mazoezi ya kupiga makasia, ambayo vishikio vyake vimeundwa ili vivutwe, na mkaguzi alileta mashine ya kusukuma kwa kifua, akieleza kwamba mtu angeweza kuigeukia na kuvivuta vishikio badala ya kuvisukuma. Mahakama ilisema kwamba kuundwa kwa ajili ya kuvutwa si sawa na kuweza kuvutwa, na kwamba lilipaswa kuulizwa swali kama ilikuwa jambo la wazi kuibadilisha mashine ya kusukuma iwe ya kuvuta. Mwombaji wa bisi angesaidika sana kama dai lake lingebeba kipimo au umbo ambalo kopo la mafuta halikuwa nalo.

Mwaka 2007 Mahakama ya Juu iliifanya kazi ya mkata rufaa kuwa ngumu zaidi. Shauri lilikuwa kati ya kampuni za KSR na Teleflex, juu ya pedali ya mafuta ya gari inayoweza kusogezwa mbele au nyuma kwa dereva mfupi au mrefu, ikiwa na kihisio cha kielektroniki kinachotambua pedali imekanyagwa kiasi gani. Swali lilikuwa mahali pa kukiweka kihisio hicho. Kikikaa kwenye sehemu inayosogea, nyaya husuguana na kuchubuka. Dai lilikiweka kwenye egemeo lisilosogea. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilikuwa imezoea kudai kwamba maarifa yaliyotangulia yaonyeshe fundisho, pendekezo au msukumo wa kuunganisha vitu viwili, lakini Mahakama ya Juu, majaji wote wakikubaliana, ilisema kwamba kipimo hicho kimetumika kwa ugumu kupita kiasi: fundi wa kawaida naye ana ubunifu wa kawaida, na pale tatizo linapojulikana na njia za kulitatua zikawa chache na za kutabirika, kuijaribu mojawapo si uvumbuzi. Hata hivyo mahakama hiyo hiyo ilidumisha sharti kwamba sababu ya kuunganisha ielezwe wazi na iwe na mantiki, na ndiyo maana hoja ya Gordon haikufa: chujio linaloharibika likipinduliwa haliingii katika orodha ya njia za kutabirika.

Uamuzi wa Bodi ukiwa mbaya, mwombaji wa Marekani ana siku 63 za kuchagua. Anaweza kwenda Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho na jalada kama lilivyo, au anaweza kufungua shauri katika mahakama ya wilaya ya Virginia Mashariki, ambako, kama Mahakama ya Juu ilivyothibitisha mwaka 2012, ushahidi mpya unapokelewa, ila sheria humtwisha gharama za shauri hata akishinda. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba gharama hizo hazijumuishi mishahara ya mawakili wa Ofisi ya Hataza. Kwa mvumbuzi wa Afrika Mashariki mambo yana sura nyingine. Aliyeomba kupitia Shirika la Kanda ya Afrika la Miliki Ubunifu, ARIPO, lenye makao yake Harare, anaweza kukata rufaa mbele ya Bodi ya Rufaa ya shirika hilo, lakini Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 humpa pia njia ambayo Mmarekani hana: ndani ya miezi mitatu tangu kuarifiwa kwamba ombi limekataliwa, anaweza kuomba lishughulikiwe kama ombi la kitaifa katika nchi aliyoitaja, iwe Kenya, Uganda, Tanzania au Rwanda, na huko kibanio chake kitasomwa upya kwa sheria za nchi hiyo, na mkaguzi mwingine.